Barua ya wazi kwa wanaopanga chakula cha Uganda: anzeni na turubai

Kwa Waziri Mkuu; Mawaziri wa Kilimo, Fedha, Elimu, Biashara na Afya; na maofisa wa wilaya mnaosimamia PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya muluka

Waheshimiwa,

Katiba yetu ya 1995, katika lengo la XXII la malengo ya taifa, imeipa serikali kazi tatu kuhusu chakula: kuhimiza wananchi walime na kuhifadhi chakula cha kutosha, kuweka akiba ya chakula ya taifa, na kuwaelimisha watu juu ya lishe bora. Kulima kumehimizwa kweli. Mbegu zimegawiwa, majembe yamegawiwa, mikopo inatoka. Kuhifadhi kumeachiwa mwenye shamba, jua na bahati yake. Barua hii ni ya neno hilo la kuhifadhi, na tunadai kwamba lisiposhughulikiwa, hayo mengine yote ni kuchota maji kwa pakacha.

Tutakaa zaidi kwenye mahindi. Ndiyo posho, yaani ugali, ya shule, ya magereza na ya kambi, ndiyo uji wa mtoto aliyeanza kula, na ndiyo yanayotupeleka mpakani. Tumeandika kwa Kiswahili kwa kuwa mahindi yakishapakiwa Iganga au Masindi, hii ndiyo lugha ya kuulizana bei hadi Busia na Malaba.

Na mpakani ndipo tulipoaibika. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu. Siku chache baadaye ikafungua tena kwa masharti, likiwemo cheti kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni, kiwango kilekile kilichomo katika viwango vya Afrika Mashariki tunavyovitumia na sisi. Mwaka 2023 malori yetu yakazuiwa tena, safari hii upande wa Sudan Kusini. Mara zote mbili hapa nyumbani palizungumzwa soko, ujirani na hasara ya wafanyabiashara. Swali la jikoni halikupata nafasi: lori lililokataliwa mpakani linageuza, je, linageukia wapi? Mahindi ambayo jirani ameyakataa akiwa na kipimo mkononi yana ndugu zake katika ghala la shule, ambako hakuna kipimo.

Sumu hii hutengenezwa na ukungu uitwao Aspergillus, ambao makazi yake ni udongoni. Huwezi kuiona wala kuinusa, na moto wa jikoni hauiondoi. Posho isongwe saa nzima, sumu imo. Ikiingia nyingi kwa mara moja inaua: mwaka 2004 huko Kenya walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Ikiingia kidogo kidogo kila siku inaharibu ini, na kwa mwenye homa ya ini aina ya B hatari ya saratani inaongezeka mara nyingi. Kwa watoto imehusishwa na udumavu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016 ulikuta watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na ule wa 2022 bado ulikuta takriban robo. Hatusemi kwamba sumukuvu ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Tunasema ni sababu inayoweza kupunguzwa kwa vifaa ambavyo fundi wa kijijini anavielewa.

Semina nyingi huanza kwa kumwambia mkulima kwamba hajui kukausha. Anajua. Hakaushi kwa sababu mizani inamwadhibu. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20 lina kilo 80 za nafaka kavu na kilo 20 za maji. Ukilikausha hadi asilimia 13.5, ambayo ndiyo kiwango cha Afrika Mashariki, unabaki na kilo 92 na nusu. Tuchukue bei ya mfano, shilingi 1,000 kwa kilo. Mkulima huyo amefanya kazi siku tatu au nne, amefukuza mbuzi na kuku, amemzuia mtoto mmoja asiende shule ili alinde turubai, na ujira wake ni kupungukiwa shilingi 7,500 kwa kila gunia. Akianzia asilimia 25, anabaki na kilo 86.7 tu. Mnunuzi anakuja na pikapu, anang'ata punje moja, anatikisa kichwa, anataja bei, na bei hiyo ni ileile kwa mwenye makavu na mwenye mabichi. Ili mwenye makavu asipate hasara, kilo yake ingetakiwa kununuliwa shilingi 1,081, na hapo jasho lake bado halijalipwa.

Basi kila anayeweza anauza mapema. Mzigo mbichi unatiwa kwenye magunia ya plastiki, unarundikwa juu ya saruji, na joto linapanda lenyewe katikati ya rundo. Siku chache zinatosha. Ndiyo maana msimu wa kwanza hutusumbua zaidi: mahindi ya mashariki na ya kusini huvunwa kati ya Juni na Agosti, hewa ikiwa bado na maji na mvua za pili zikinyemelea. Ya msimu wa pili huvunwa kuelekea Januari, katika jua kali, na hukauka karibu bure. Ofisa anayepanga manunuzi ya serikali bila kutazama tofauti hiyo ananunua maji kwa bei ya nafaka.

Kazi yenyewe inaelezeka. Hindi limekomaa pale unapochomoa punje ukakuta doa jeusi kwenye ncha yake ya chini. Hapo bado lina unyevu wa asilimia 30 au zaidi. Livunwe, limenywe, na lisiguse udongo, kwa maana huko ndiko ukungu unakotoka. Likaushwe kwanza likiwa na gunzi lake, juu ya kichanja au katika kihenge kinachopitisha upepo, kisha lipukuchuliwe. Kupukuchua kwa kujaza gunia na kulipiga fimbo kunapasua punje, na punje iliyopasuka ni mlango wazi. Kile kimashine cha kuzungusha kwa mkono hupasua chache zaidi. Halafu ndiyo turubai: tabaka la sentimita 3, lisizidi 5, ligeuzwe kila nusu saa au saa, lifunikwe kabla ya umande kushuka. Turubai la mita 4 kwa 5, mahindi yakitandazwa kwa unene wa sentimita 3, linabeba takriban kilo 400, yaani magunia manne kwa mkupuo. Kaya yenye magunia 20 na turubai moja inahitaji mikupuo mitano. Ukipiga siku tatu kwa kila mkupuo, hizo ni wiki mbili za jua lisilokatika, jua ambalo huko Mayuge mwezi wa Agosti halikumwahidi mtu. Ndipo wengi wanapotandaza uani, au pembeni mwa lami.

Unyevu usipimwe kwa meno. Kipima unyevu cha mkononi kipo, na pale ambapo hakijafika, chupa na chumvi vinasaidia. Chukua chupa ya glasi iliyo kavu, tia kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kavu, jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, uiache itulie kama dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Ikianguka yote chini, uko chini ya 15, lakini chupa haijui habari ya 13.5, kwa hiyo ongeza siku moja ya jua. Kosa la kila siku ni kutumia chumvi iliyokaa wazi jikoni, ambayo imeshakunywa maji ya hewa kabla mahindi hayajaguswa. Ikaangwe kidogo kwanza.

Yakishakauka, wanafuata wadudu wa ghala: fukusi, na dumuzi nyuma yake. Mfuko wa tabaka tatu, wenye plastiki mbili nzito ndani ya gunia la kawaida, huwaua bila dawa, kwa sababu hewa inawaishia humo ndani. Kila tabaka lifungwe peke yake baada ya kukamua hewa, na mfuko usiwe wa kufunguliwa kila jioni. Mahindi yenye unyevu yakitiwa humo yanachacha, halafu mkulima anaapa kwamba mifuko ni mibovu. Panya akitoboa tundu moja, kazi imeisha. Asiyepata mfuko huo hununua vidonge vya kufukiza na kuvitumbukiza katika gunia lililo ndani ya chumba anacholala na watoto. Gesi ya vidonge hivyo haichagui kati ya fukusi na mtu. Kuuzwa kwake rejareja, kidonge kimoja kimoja, ni jambo la kukomesha mwaka huu, bila kusubiri sera mpya.

Tukija kwenye lishe, hapa ndipo ushauri wetu wenyewe unapogongana. Watu wanaambiwa waache posho nyeupe iliyokobolewa, wasage mahindi mazima, kwa kuwa kiini na ganda ndivyo vyenye mafuta, madini na vitamini B. Ni kweli. Ila kwa mahindi yaliyoshikwa na ukungu, kiini na ganda hivyohivyo ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya sumu, na kukoboa huipunguza. Ushauri mzuri ukiwekwa juu ya nafaka mbaya unamlisha mtoto sumu zaidi kuliko ile posho nyeupe tuliyomkataza mama yake. Pumba nayo haitupwi. Inakwenda kwa kuku na ng'ombe, na ng'ombe aliyekula sumukuvu anaitoa sehemu yake kwenye maziwa. Uji wa mchanganyiko tunaouhubiri zahanati zote, wa mahindi, karanga, soya na mukene (dagaa), umejengwa juu ya mahindi na karanga, mazao mawili ambayo ukungu huu unayapenda mno. Karanga zilizosinyaa, zilizotoboka na zilizobadilika rangi zinaondolewa kwa mkono kabla ya kutwangwa. Zikishakuwa odii, yaani siagi ya karanga, hakuna jicho litakalozitambua.

Kwa hiyo ukaushaji ni suala la lishe kabla ya kuwa suala la biashara, na ofisi zinazoandika mipango ya lishe zingefaa kuwa na mhandisi wa ghala mezani pao. Hata kwa mazao yasiyo nafaka ni vivyo hivyo. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kama NASPOT 12 na NASPOT 13 zilizotolewa mwaka 2013, vimesambazwa ili kutoa vitamini A. Vikitoka shambani, vikachemshwa na kuliwa bila kukaushwa, vinafanya kazi hiyo vizuri. Lakini huko Teso, mashariki mwa nchi, viazi hukatwakatwa vikawa vipande viitwavyo amukeke, vikaanikwa juani na kuwekwa miezi kadhaa, na katika kuanikwa na kukaa kote huko vitamini A inapotea kwa wingi. Afisa anayehesabu vipando vilivyogawiwa na kuandika kwamba lengo limefikiwa hajafungua kihenge cha mwezi wa Machi.

Kuhusu kuongeza virutubishi kwenye unga, kanuni za 2005 zilizorekebishwa 2011 zinakilazimisha kinu chenye uwezo wa kusaga tani 20 au zaidi kwa siku. Posho ya kijijini haipiti kwenye vinu hivyo. Inapita kwenye kinu cha dizeli kilicho nyuma ya soko, kinachosaga debe baada ya debe kwa mteja aliyesimama hapohapo. Kumlazimisha huyo atie madini ni kumfungia biashara. Njia nyepesi ni maharage yenye madini ya chuma kwa wingi, aina za NAROBEAN, ambayo tayari yamo mashambani. Yakiwekwa kwenye sufuria ya shule, yanamfikia mtoto bila kupita kwa msagaji.

Shule zenyewe zitazameni kwa karibu. Sheria ya Elimu ya 2008 imemwachia mzazi chakula cha mtoto wake, na shule nyingi hukusanya nafaka nyumba kwa nyumba. Kwa mgao wa gramu 150 za unga na gramu 30 za maharage kwa siku, shule ya watoto 600 inapika kilo 90 za unga na kilo 18 za maharage kila siku. Muhula wa siku 65 ni kilo 5,850 za unga na kilo 1,170 za maharage. Mahindi ya kutosheleza mzigo huo yanaletwa kwenye ndoo na mifuko ya sukari kutoka kaya mamia, kila moja na unyevu wake, na yote yanamiminwa rundo moja katika chumba ambacho zamani kilikuwa darasa. Kaya tano zikileta mabichi, zinaambukiza wengine wote. Mwalimu wa zamu hana kosa. Hajapewa hata chupa. Anachohitaji ni mambo machache tu: kupima kila ndoo kabla haijamiminwa, kuyarudisha mabichi nyumbani yakaanikwe, kupepeta na kutoa punje zilizovunjika na zenye rangi mbaya, na kupanga magunia juu ya mbao, hatua moja mbali na ukuta. Waraka wa ukurasa mmoja kutoka Wizara ya Elimu ungetosha, ukiambatana na ruhusa ya kukataa ndoo ya mzazi bila kuitwa kwa mwenyekiti.

Na Karamoja, kaskazini mashariki. Kule kuna msimu mmoja tu wa mavuno, mtama ukiwa mbele ya mahindi, na ghala tupu huanza kusikika mapema mwaka. Kati ya Machi na Julai 2022 watu wapatao 518,000 walihesabiwa kuwa katika uhaba mkubwa wa chakula, karibu wanne katika kila kumi. Kila mara serikali hununua wakati njaa imeshatangazwa, bei ikiwa juu, halafu malori yanakwama kwenye matope ya Aprili na Mei. Akiba inayotajwa na Katiba ingenunuliwa Januari na Februari kutoka Bunyoro na Busoga, mahindi ya msimu wa pili yakiwa makavu na ya bei nafuu, na ingefika Moroto, Kotido na Kaabong kabla ya mvua. Isiyoliwa hadi Agosti iuzwe kwa shule na magereza, Januari inunuliwe mpya. Akiba isiyozungushwa hugeuka shamba la fukusi. Sheria ya stakabadhi za ghala tunayo tangu 2006, na ghala lenye leseni linaweza kushika akiba hiyo bila serikali kujenga hata ukuta mmoja.

Tunachoomba kinaanza na bei. Taasisi za serikali zinazolisha watu, yaani shule za bweni, magereza, polisi na jeshi, zinunue kwa uzito wa nafaka kavu. Fomula iandikwe ndani ya zabuni: chukua asilimia ya kitu kikavu, gawanya kwa 86.5, zidisha kwa kilo zilizopimwa, ndizo kilo za kulipia. Mwenye unyevu wa asilimia 20 analipwa kilo 92.5 kwa gunia lake la kilo 100, mwenye 13.5 analipwa kilo 100 kamili. Siku hiyo mkulima atanunua turubai bila kuhubiriwa, na dalali atatafuta kipimo mwenyewe.

La pili ni PDM. Nguzo yake ya kwanza inataja uzalishaji, uhifadhi, usindikaji na soko, na kila muluka, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Kati ya hizo, milioni 5 zitengwe kabla ya kugawa mikopo, zinunue kipima unyevu, mashine ya kupukuchua na maturubai ya kukodisha. Vifaa hivyo viwe na mtunzaji anayelipwa kwa kila gunia linalopimwa. Kifaa cha wote kisicho na mtunzaji anayelipwa huishia chini ya kufuli, na ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri. Kikaushio cha moto kiwekwe katika gombolola (kata) zenye mvua wakati wa mavuno, kitumie magunzi kama kuni, moshi usipite kwenye nafaka, na joto la nafaka ya kusaga lisizidi nyuzi 60. Ya mbegu lisizidi 43, la sivyo haioti. Kama mtanunua vikaushio bila fundi na bila fedha za uendeshaji, ni heri msinunue.

Mpakani, tunaomba upimaji ufanyike kabla ya lori kuondoka, sio likiwa kwenye foleni. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya shehena. Punje chache kati ya maelfu zinaweza kuibeba yote. Bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kutoa sampuli, lichomwe magunia mengi, juu, kati na chini, sampuli yote isagwe pamoja ndipo igawanywe. Konzi moja kutoka gunia la mlangoni haipimi lori, inapima gunia la mlangoni. Shehena iliyozidi kiwango ipewe hati inayosema inakwenda wapi, na hati hiyo ifuatiliwe hadi ifike.

Januari 2025, hapa Kampala, viongozi wa Afrika walipitisha azimio lenye ahadi ya kupunguza kwa nusu upotevu wa mazao baada ya mavuno ifikapo 2035. Azimio lina jina la mji wetu. Mahindi ya msimu wa kwanza huanza kuvunwa Juni, na fedha za PDM za mwaka wa fedha mpya hazitoki kabla ya Julai. Maturubai ya mavuno yajayo inabidi yatoke kwenye bajeti inayoendelea sasa. Tunaomba Wizara ya Fedha iseme yatatoka kwenye fungu gani, na Wizara ya Kilimo iseme yatafika Busoga na Bunyoro wiki ipi ya Mei.

Wenu,
Maafisa ugani, watunza maghala na wasagaji wa nafaka